Kocha Mchongaji: Roy Simmons Jr. na Lakrosi ya Syracuse

Roy Simmons Jr. alikuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume ya lakrosi ya Chuo Kikuu cha Syracuse, katika jimbo la New York, kuanzia mwaka 1971 hadi 1998. Katika misimu hiyo 28 timu yake ilishinda mechi 290 na kupoteza 96. Mara sita ilimaliza mwaka ikiwa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani, ingawa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, kinatambua mara tano tu, na kisa chake kitaelezwa. Kazi aliirithi kwa baba yake mzazi, aliyeishika kwa miaka 40. Kwa taaluma hakuwa mtu wa michezo hata kidogo. Alisomea sanaa, alikuwa mchongaji na mtengenezaji wa picha za kubandika vipande, na chuoni hapo hapo alipata kufundisha uchongaji.

Lakrosi ya wanaume huchezwa na watu kumi kila upande: kipa, mabeki watatu, viungo watatu na washambuliaji watatu. Kila mmoja hushika fimbo yenye kichwa cha wavu, na kwa wavu huo hudaka, hubeba, hupitisha na kurusha mpira mgumu wa raba unaotoshea kiganjani. Uwanja una urefu wa mita 100 hivi. Goli ni la mraba, mita 1.83 kwenda juu na mita 1.83 kwa upana, nalo halikai kwenye mstari wa mwisho kama goli la soka. Limesogezwa mbele, nyuma yake kuna nafasi kubwa ya kuchezea, na limezungukwa na duara ambalo mshambuliaji haruhusiwi kukanyaga. Kumgonga mwenye mpira kwa mwili kunaruhusiwa, kumpiga fimbo mikononi pia kunaruhusiwa kwa kiasi, na ndiyo maana wachezaji huvaa kofia ngumu na glovu nene. Afrika Mashariki mchezo huu ni mgeni bado. Uganda ilipopeleka timu kwenye mashindano ya dunia ya mwaka 2014 mjini Denver, ilikuwa nchi ya kwanza ya Kiafrika kufanya hivyo.

Syracuse si mahali popote tu katika historia ya mchezo huo. Kusini kidogo ya mji ipo ardhi ya Waonondaga, mojawapo ya mataifa sita ya shirikisho la Haudenosaunee, ambalo Wazungu walizoea kuliita Iroquois. Wao na jirani zao walicheza lakrosi karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kuishika fimbo. Kwao ni mchezo wa Muumba: huchezwa kumfurahisha, na huchezwa pia kama tiba, mgonjwa akihitaji au jamii ikiwa na shida. Fimbo ya mbao ya hikori, iliyokunjwa kwa mvuke na kusukwa kamba za ngozi, ni kitu cha heshima, na kwa mila zao mwanamume huzikwa nayo. Mwishoni mwa karne ya 19 vilabu vya Wazungu wa Kanada viliwafungia wenyeji hao nje ya mashindano ya ubingwa kwa hoja kwamba walikuwa wakilipwa, kwa hiyo si wachezaji wa ridhaa. Wenye mchezo wakawa watazamaji. Bila kukumbuka jambo hilo, ni vigumu kuona uzito wa kile ambacho familia ya Simmons ilikifanya baadaye.

Timu ya chuo ilianzishwa mwaka 1916 na Laurie Cox, profesa wa usanifu wa mandhari. Miaka ya 1920 ilitajwa bingwa wa nchi mara nne. Miongoni mwa waliocheza chini yake alikuwa Roy Simmons Sr., kijana aliyekuwa pia kwenye timu ya futiboli ya Kimarekani. Huyo ndiye aliyemrithi Cox mwaka 1931, na hakuondoka hadi mwaka 1970. Ukocha wa lakrosi peke yake haukumlisha mtu siku hizo. Mzee Simmons alifundisha pia ndondi, na mwaka 1936 wanamasumbwi wake wakawa mabingwa wa vyuo, tena alikuwa msaidizi kwenye futiboli. Mechi zaidi ya 250 za lakrosi alizishinda, lakini jambo lililodumu kuliko hesabu hiyo ni uhusiano wake na Waonondaga. Alicheza nao mechi za kirafiki na fimbo zake zilitoka kwa mafundi wao. Mwanawe alikulia pembeni mwa uwanja huo, akiwaona Waonondaga kama sehemu ya kawaida ya mchezo, si kivutio cha siku ya sherehe.

Roy mdogo aliingia timu kuu ya baba yake katikati ya miaka ya 1950, na timu ya mwaka 1957 aliyokuwamo inahitaji kutazamwa kwa karibu. Ilishinda mechi zake zote kumi. Nyota wake alikuwa Jim Brown, ambaye dunia ilimjua baadaye kama mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa futiboli ya Kimarekani, na baada ya hapo mwigizaji wa filamu. Wengi waliomwona katika michezo yote miwili walisema lakrosi ndiyo aliyoiweza zaidi. Msimu ule alifunga magoli 43 katika mechi kumi. Mtindo wake ulikuwa wa kutisha na mwepesi kuueleza: aliibana fimbo kifuani kwa mkono mmoja, mpira ukiwa wavuni, kisha akakimbia katikati ya mabeki waliomdondoka mmoja mmoja.

Golini alisimama Oren Lyons, Muonondaga aliyekuwa kipa hodari. Lyons alisoma sanaa, akaenda New York kufanya kazi ya uchoraji wa kibiashara, kisha akarudi kwa watu wake na kuwa mmoja wa walinzi wa imani ya Waonondaga na msemaji wao hadi Umoja wa Mataifa. Mwenzao mwingine, Jim Ridlon, alicheza futiboli ya kulipwa San Francisco na Dallas, halafu akarudi Syracuse kuwa mchoraji na profesa wa sanaa. Ukimwongeza Roy mdogo, timu moja ya wanafunzi ilitoa wasanii watatu, jambo ambalo si rahisi kulipata kwenye timu yoyote ya mchezo wa kugongana.

Timu hiyo haikupewa ubingwa. Wakati huo hapakuwa na fainali. Bingwa alitajwa kwa hukumu ya wakubwa wa mchezo, nao waliiona ratiba ya vyuo vya kaskazini kuwa nyepesi. Heshima ilikwenda Johns Hopkins, chuo cha Baltimore, mji ambao kwa muda mrefu ulijihesabu kuwa makao makuu ya lakrosi. Kinyongo cha kaskazini dhidi ya Baltimore kilianzia katika mambo kama hayo.

Baada ya kuhitimu mwaka 1959 Roy mdogo alibaki chuoni, akimsaidia baba yake kwa kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alipokabidhiwa timu kuu mwaka 1971 alikuta mambo mawili mapya. La kwanza lilikuwa fimbo. Mwaka 1970 kampuni ya STX ya Baltimore ilikuwa imeanza kuuza fimbo zenye kichwa cha plastiki. Fimbo ya mbao ilikuwa nzito na yenye upande mmoja mnene, kila moja na tabia yake, na mwenye kuitumia kwa mkono wa kulia alipata taabu kuihamishia kushoto. Ya plastiki ilikuwa nyepesi, sawa pande zote, na ya bei ndogo. Ghafla kijana yeyote aliweza kujifunza kupiga kwa mikono yote miwili, na shule za sekondari zikaweza kununua fimbo za darasa zima. Mafundi wa Onondaga walipoteza soko, lakini mchezo ulienea.

La pili lilikuwa mashindano yenyewe. Mwaka ule ule wa 1971 NCAA ilianzisha mtoano wa kumpata bingwa uwanjani, na wa kwanza kulichukua kombe walikuwa Cornell, walioifunga Maryland 12–6. Cornell iko Ithaca, mwendo wa saa moja na ushei kwa gari kutoka Syracuse. Kocha wake, Richie Moran, alirudia kulitwaa mwaka 1976 na 1977. Kwa Simmons hii ilikuwa adha ya kila siku. Kijana mwenye kipaji wa eneo lile aliwaona mabingwa upande mmoja wa barabara na, upande wa pili, timu isiyo na fedha, isiyo na nafasi za kutosha za ufadhili wa masomo, iliyofanya mazoezi ya Februari ndani ya jengo la Manley kwa kuwa nje theluji ilifika magotini. Syracuse ni miongoni mwa miji mikubwa ya Marekani inayopata theluji nyingi kuliko yote, na msimu wa lakrosi huanza kabla haijayeyuka.

Karibu muongo mzima ulipita bila makubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 timu ikaanza kuonekana kwenye mtoano, na sababu ni mbili tatu zilizokutana. Shule za sekondari za vitongoji vya Syracuse, hasa West Genesee chini ya kocha Mike Messere, zilikuwa zimeanza kutoa vijana waliofundwa vizuri, nao hawakutaka tena kwenda mbali. Mwaka 1980 chuo kikafungua Carrier Dome, uwanja uliofunikwa paa lote, wenye viti karibu 50,000 na nyasi bandia. (Ulipewa jina la kampuni ya viyoyozi ya Carrier, na kwa miaka mingi haukuwa na kiyoyozi.) Lakrosi ikahamia humo. Sehemu ya kuchezea ilikuwa tambarare na ya kasi, hapakuwa na upepo wala tope, na timu yenye kupenda mbio ilipata mahali pa kukimbilia.

Simmons alipenda mbio. Makocha wengi wa wakati ule waliupanga mchezo kama hesabu: mpira unazungushwa taratibu, kila mtu na mahali pake, risasi inapigwa pale tu nafasi inapokuwa ya hakika. Yeye aliwaachia. Alitaka mpira unaponyang'anywa tu uende mbele, mabeki wenye fimbo ndefu nao wapande wakiona njia, na mchezaji aliyeona pasi ya kupitisha nyuma ya mgongo aitoe bila kumtazama kocha kwanza. Pasi kama hiyo ingemfanya kijana wa timu nyingine akae benchi. Safarini aliwapitisha wachezaji kwenye majumba ya makumbusho na sehemu za kihistoria, kwa imani kwamba kijana anayesafirishwa kilomita 500 asirudi na matokeo ya mechi tu. Wapinzani waliiona timu yake kama genge lisilo na nidhamu. Wasichokiona ni kwamba uhuru ule ulihitaji mazoezi makali ya mikono. Pasi ya nyuma ya mgongo haifiki kwa bahati.

Fainali ya kwanza ilikuja Mei 1983, katika uwanja wa chuo cha Rutgers, New Jersey, dhidi ya Johns Hopkins. Katika miaka 12 ya mtoano kombe lilikuwa limekwenda kwa vyuo vitano tu: Cornell, Virginia, Maryland, Johns Hopkins na North Carolina. Robo ya tatu Hopkins walikuwa mbele 12–5. Katika mchezo wa taratibu, pengo la magoli saba halizibiki. Syracuse hawakucheza taratibu. Tim Nelson, mshambuliaji aliyependa kukaa nyuma ya goli na kusambaza pasi kutoka huko, alianza kuwapata wenzake mmoja baada ya mwingine. Brad Kotz, kiungo aliyetoka West Genesee, akafunga mfululizo, na mechi ikaisha 17–16. Huo ndio ubingwa wa kwanza wa NCAA wa Syracuse, miaka 26 tangu timu ya Jim Brown inyimwe wake.

Hopkins walilipiza: 13–10 katika fainali ya 1984, na 11–4 mwaka 1985. Matokeo ya pili yanaeleza udhaifu wa mtindo wa Simmons. Ukikutana na ulinzi unaokataa kukimbizana nawe, na kipa akawa na siku yake, magoli manne ndiyo yote utakayopata. Hata hivyo, kuanzia 1983 timu haikukosa nusu fainali hata mwaka mmoja hadi Simmons anastaafu, misimu 16 mfululizo.

Waliomfikisha kileleni walikuwa mapacha wawili kutoka Victoria, British Columbia, upande wa pili wa bara. Gary na Paul Gait walikulia katika lakrosi ya ndani ya Kanada, ambayo huchezwa kwenye ukumbi wa hoki barafu ikishaondolewa. Humo kuna watu sita tu kila upande, kuta badala ya mistari, na goli dogo linalozibwa karibu lote na kipa aliyejaza mito mwilini. Mpiga risasi hana upande mtupu wa kulenga. Lazima amdanganye kipa kwanza, kwa mkono, kwa bega, kwa jicho, amfanye asogee kidogo, kisha autumbukize mpira kwenye upenyo usiozidi kichwa cha fimbo. Vilevile hapana nafasi ya kukimbia, kwa hiyo mtu hujifunza kudaka na kupiga huku amegandamizwa na beki. Mchezaji wa aina hiyo akipelekwa kwenye uwanja wa nje, mbele ya goli la mraba la mita 1.83, hujiona kama amefunguliwa mlango wa ghala. Makocha wengi wa Marekani waliyajua haya ila hawakuyathamini. Waliona tabia za ukumbini kama makosa ya kurekebisha. Simmons aliyekulia na Waonondaga, ambao nao huicheza sana lakrosi ya ukumbini, hakuona cha kurekebisha.

Pacha hao walianza mwaka 1987. Walikuwa warefu, wazito, wenye kasi, na risasi zao zilitoka mbali kuliko mabeki walivyozoea kutoka kukaba. Mwaka 1988 Gary alifunga magoli 70, tisa kati ya hayo katika robo fainali moja dhidi ya Navy, chuo cha jeshi la wanamaji.

Nusu fainali ya mwaka huo ilichezwa nyumbani, ndani ya Carrier Dome, dhidi ya chuo cha Pennsylvania. Gary alikuwa na mpira nyuma ya goli. Kwa kawaida mtu aliye pale hutafuta pasi, au huzunguka nguzo kuja mbele, na kipa hugeuka kumfuata. Gary alikimbia moja kwa moja kulielekea goli kwa nyuma, akaruka kabla ya kufika kwenye duara, na akiwa hewani akanyoosha fimbo juu ya mwamba na kuutumbukiza mpira kwa mbele, mithili ya mchezaji wa kikapu anayegandamiza mpira ringini. Kipa alikuwa bado anaangalia upande. Baadaye katika mechi hiyo hiyo alirudia. Si refa, si mpinzani, aliyekuwa na kifungu cha sheria mkononi cha kulihukumu tendo lile, kwa sababu aliyetunga sheria hakuwahi kuliwaza. Lilikuja kuitwa Air Gait, na baadaye kanuni zikabanwa kulizuia. Watu hukumbuka kuruka kule na kusahau kwamba Syracuse ilikaribia kutolewa. Ilishinda 11–10 tu, Paul akifunga sekunde za mwisho kabisa. Siku mbili baadaye waliifunga Cornell 13–8 na kumaliza msimu bila kupoteza mechi.

Kocha mwingine angeweza kukataza. Goli ni goli, na njia za kawaida za kulipata zilikuwepo. Gary alikuwa amelijaribu mazoezini bila kufokewa, na uzito wa Simmons katika tukio lile uko hapo, katika kutofanya kitu. Mtu aliyeishi kwa kuunganisha vipande vya mbao na vyuma alivyoviokota hakushtuka kuona fimbo ikipita mahali ambapo haikuwahi kupita.

Mwaka 1989 kombe lilibaki Syracuse kwa ushindi wa 13–12 dhidi ya Johns Hopkins. Mwaka 1990 timu haikufungwa na mtu, na fainali iliichapa Loyola ya Baltimore 21–9. Wapo wachambuzi wanaoitaja timu hiyo kuwa bora kuliko zote zilizowahi kucheza lakrosi ya vyuo, na si rahisi kuwapinga. Zaidi ya pacha hao walikuwamo Tom Marechek, naye wa Victoria, na mabeki walioweza kuanzisha mashambulizi wenyewe.

Ubingwa huo haupo kwenye kitabu cha NCAA. Mnamo Desemba 1990 gazeti la mjini lilichapisha habari za fedha na zawadi katika timu ya mpira wa kikapu ya chuo, uchunguzi ukafunguliwa, nao ukagusa michezo mingine. Kwenye lakrosi ikagundulika kwamba mke wa kocha alikuwa ametia saini kama mdhamini wa mkopo wa gari wa Paul Gait. Kanuni zilikataza mtu wa timu kumpa mchezaji msaada wowote ambao mwanafunzi wa kawaida asingeupata, na udhamini wa mkopo ni msaada. NCAA ikaufuta ubingwa. Loyola hawakupewa. Mbele ya mwaka 1990 kwenye orodha ya mabingwa pakaachwa wazi, pengo pekee la aina yake katika daraja la kwanza la lakrosi ya wanaume.

Upimaji wa kosa hili umegawanyika tangu siku ile. Kwa upande mmoja sheria ilikuwa wazi, na kocha wa miaka 20 hawezi kudai hakuijua. Kwa upande mwingine, kijana alitoka nchi nyingine, hakuwa na jamaa karibu wa kumdhamini benki, na lakrosi ya wakati ule haikuwa na pesa za kumnunua mtu. Kilichotendeka kilikuwa karibu zaidi na ukarimu wa nyumbani kuliko rushwa. Adhabu nayo iliwaangukia wachezaji wengine wote ambao hawakuhusika. Huko Syracuse wenyewe bado huhesabu mataji sita ya Simmons. Wanaofuata kitabu huhesabu matano.

Miaka ya 1990 ilimletea mpinzani wa namna nyingine. Bill Tierney, aliyechukua timu dhaifu ya chuo cha Princeton mwaka 1988, alikuwa mwanafunzi wa ulinzi. Mabeki wake walisaidiana kwa mpangilio: mmoja akipitwa, wa pili anateleza kuziba, wa tatu anaziba pengo la wa pili, na wote wanarudi mahali pao kabla pasi haijafika. Ilikuwa kinyume kabisa cha Syracuse. Fainali ya 1992 ilizikutanisha timu hizo na ikaenda hadi muda wa nyongeza wa pili, Princeton wakashinda 10–9, taji lao la kwanza. Matokeo hayo yalibadilisha hali ya mchezo kote nchini, maana vyuo visivyo na Gait viliona kuna njia ya kushinda bila Gait. Mtu akipenda kusema kwamba miaka ile ilikuwa mjadala kati ya makocha hawa wawili kuhusu nani mwenye mchezo, kocha au mchezaji, hatakuwa amekosea sana.

Simmons hakubadili msimamo. Mwaka 1993 alilichukua kombe tena kwa 13–12 dhidi ya North Carolina, Matt Riter akifunga zikiwa zimebaki sekunde nane. Mwaka 1995 aliifunga Maryland 13–9 kwenye uwanja wao, na huo ukawa ubingwa wake wa mwisho. Kikosi cha 1995 kilikuwa na kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Carthage, mji mdogo karibu na mpaka wa Kanada, aliyeitwa Casey Powell. Alivaa jezi namba 22 aliyoivaa Gary Gait, na baada yake wadogo zake Ryan na Mike waliivaa kwa zamu. Namba hiyo ikawa kwa lakrosi ya Syracuse kile ambacho 44 ya Jim Brown ilikuwa kwa futiboli.

Casey na kocha wake walimaliza pamoja. Mei 1998, kwenye nusu fainali huko Rutgers, Princeton ya Tierney iliifunga Syracuse 11–10, na Simmons akastaafu. Jina lake lilikuwa limeshaingizwa kwenye Ukumbi wa Taifa wa Heshima wa Lakrosi mwaka 1991. La baba yake liliingia mwaka 1964.

Timu ilikabidhiwa kwa John Desko, aliyekuwa beki wa Simmons miaka ya 1970 na msaidizi wake tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Desko alikuwa mtulivu na mwenye mpangilio zaidi, akaongeza mataji matano kati ya 2000 na 2009, na alipoondoka mwaka 2021 kazi akapewa Gary Gait. Cox, Simmons wawili, Desko na Gait: makocha wakuu watano tangu mwaka 1916.

Oren Lyons, kipa wa 1957, alikuwa miongoni mwa waasisi wa timu ya taifa ya Haudenosaunee mwaka 1983, mwaka ule ule wa taji la kwanza la rafiki yake Simmons. Timu hiyo ilikubaliwa kucheza mashindano ya dunia mwaka 1990 huko Perth, Australia, karibu miaka mia moja na kumi tangu wazee wao wafungiwe nje. Mwaka 2010 ilikosa mashindano ya Manchester kwa sababu Uingereza ilikataa pasi za kusafiria zinazotolewa na Haudenosaunee wenyewe, na wachezaji wakakataa kutumia za Marekani au Kanada.